Panya wa Kizimba cha Sita na Jicho la Naliaka

Kariobangi, Nairobi
Jumatano asubuhi

Kwako Baba, mwalimu wangu wa kwanza,

Nakusalimu kwa heshima zote ninazojua. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama, kifua kimetulia, na lile goti la kushoto linakuruhusu kufika shambani bila fimbo. Mama naye anaendeleaje? Bado anakama yule ng'ombe mkorofi mwenyewe, au hatimaye amekubali kusaidiwa? Mimi ni mzima. Chumba changu ni kile kile cha ghorofa ya nne, juu ya mafundi wa bati, nao huanza kugonga mapema kiasi kwamba sijawahi kuhitaji saa ya kuniamsha. Wapangaji wenzangu bado wananiita "daktari wa panya" na kucheka mpaka chini ya ngazi. Nimewazoea.

Anayekukabidhi barua hii ni Jescah wa kwaya yetu, ambaye anasafiri leo kwenda kumwona mamake. Nimemwagiza akupe mkononi mwako, wala asimwachie Baba mdogo Harun, ambaye bila shaka atamkuta langoni akiwa amesimama kama mwenye boma.

Naijua desturi ya nyumba yetu. Barua ya mtoto wako husomwa kwa sauti baada ya chakula cha jioni, wote wakiwa mezani, nawe ukiwa na kalamu nyekundu mkononi. Najua vilevile kwamba ukifika mahali nilipomtaja ndugu yako kwa ubaya, hukohoa kidogo na kuruka mstari. Hii naomba uiweke mpaka Jumapili, uisome mbele ya kikao, naye akiwepo, na usiruke mstari hata mmoja.

Maana kikao hicho kimeitwa kuamua jambo ambalo halikupaswa kuhitaji kikao. Naliaka, mjukuu wako, ana saratani katika jicho la kushoto. Daktari amesema jicho litolewe. Baadhi yenu mnasema lisitolewe, kwa sababu mjomba wake Simiyu anafanya kazi Nairobi kwenye maabara yenye dawa ya ugonjwa huo huo, na dawa iko karibu kufika. Mimi ndiye huyo Simiyu. Dawa hiyo haipo, Baba.

Niruhusu nieleze kazi yangu, kwa kuwa mara ya mwisho niliieleza kwa namna ya kupigiwa makofi.

Mwili wa mtu ukipigwa na jua hutengeneza vitamini D. Ini na figo huigeuza kuwa homoni, na homoni hiyo huuongoza mwili katika matumizi ya kalsiamu, ile inayoimarisha mifupa. Watafiti waligundua kitambo kwamba homoni hiyo, ikiwekwa pamoja na seli za saratani ya jicho la utotoni, huzipunguzia kasi ya kuongezeka. Sisi tunajaribu viambata, yaani kemikali zilizoundwa kufanana na homoni hiyo. Tunawapa panya wadogo weupe, waliozalishwa makusudi ili wapate uvimbe ndani ya jicho. Wengine hupewa kiambata kilichochanganywa na mafuta, kwa mrija mwembamba mdomoni. Wengine hupewa mafuta matupu, ili tupate kulinganisha. Na kazi yangu mimi, mwenye shahada uliyoitundika sebuleni juu ya redio, ni kumshika kila panya mkia kila asubuhi, kumweka kwenye mizani na kuandika uzito wake.

Ni kweli kwamba uvimbe hupungua. Hapo sikudanganya. Nilichoacha kusema ni kwamba panya nao hupungua pamoja na uvimbe wao. Kiambata kinachoubana uvimbe huijaza damu kalsiamu kupita kiasi, na figo hushindwa. Dozi ikiongezwa kidogo tu, uvimbe unakuwa mdogo wa kupendeza ndani ya jicho la panya aliyekufa. Kutengeneza kiambata kinachopiga saratani bila kumwua mgonjwa ndiyo kazi yote, na kazi hiyo haijamalizika. Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kupewa kitu kutoka kwenye rafu zetu.

Ninafanya kazi na Mama Achieng', mhudumu wa panya, mwanamke ambaye hakumaliza shule ya msingi na ambaye kwa muda mrefu nilimwona kama mtu wa kubeba maji na maranda ya mbao. Yeye hana haja ya mizani. Hupita mbele ya vizimba akitazama chupa za maji tu.

"Simiyu, hawa wa kizimba cha sita wamemaliza maji tena."

"Ni joto, Mama."

"Joto ni ya kizimba kimoja? Hao wanaenda. Wewe andika matokeo yanatia moyo, mimi nikalete mfuko."

Huwa hivyo kila mara. Kwanza kiu. Kisha panya huacha chakula. Kisha manyoya husimama, mgongo hupinda, na uzito huanza kushuka kwenye daftari langu siku baada ya siku. Na wageni wakija, mkuu wetu wa maabara huvaa tai, huwaonyesha picha za uvimbe uliopungua na kutamka maneno hayo hayo ya kutia moyo, huku Mama Achieng' akipita mlango wa nyuma na mfuko wake wa panya waliokufa. Nilikuwa nikisimama karibu na mkuu, nikiitikia kwa kichwa kama mtu aliyevumbua kitu.

Sasa nije kwenu.

Wiki mbili zilizopita dada Nekesa alinipigia simu, ile simu ambayo Baba mdogo Harun huidaka katikati ya mazungumzo kama ni yake. Nikauliza habari za mtoto. Nekesa akasema, "Anaendelea tu. Ila siku hizi anakunywa maji, Simiyu, anakunywa kama ndama. Usiku analoa mpaka godoro. Na chakula hataki."

Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi, mafundi wakigonga chini. Nikamwuliza, "Anatapika?"

"Kidogo. Na amekonda. Gauni la Krismasi limekuwa gunia."

Baba, ugonjwa wa jicho haumfanyi mtoto anywe maji kama ndama. Nilikuwa nikisikia habari za kizimba cha sita kutoka kwa dada yangu mwenyewe.

"Mnampa nini?"

Akasema kwamba ni ile vitamini, ya Baba mdogo. Kijiko kikubwa asubuhi, kijiko kikubwa jioni, na kila siku saa nne asubuhi anakalishwa uani bila kofia, akielekezwa juani, Baba mdogo akimshika kidevu ili jicho lisifumbe.

Nilisema waache siku hiyo hiyo na mtoto apelekwe kituo cha afya, na chupa ibebwe ionyeshwe. Hapo sauti ikabadilika. Baba mdogo Harun alikuwa ameidaka simu.

"Wewe mtoto, usitishe watu. Mambo haya nimeyashika mimi."

"Baba mdogo, hiyo dawa inamuumiza."

"Inamuumiza! Si ni dawa yako? Ulisimama kanisani ukasema. Nilikuwa kiti cha mbele."

"Nilizungumza habari za panya."

"Panya, panya. Ulisema ni vitamini ya jua. Jua tunalo. Vitamini nimenunua Nairobi kwenu huko huko. Sasa kwa sababu si wewe umeileta, imekuwa sumu? Wivu tu!"

Akakata. Namshukuru Mungu kwamba Nekesa ana akili kuliko sisi wanaume wote wa boma lile. Kesho yake alimfunga mtoto mgongoni akaenda kituo cha afya akiwa na chupa kwenye mkoba, akiwa amewaambia kwamba anakwenda kusaga mahindi. Mnajua yaliyofuata. Damu ilipimwa, mtoto akawekewa maji ya mshipa siku nne, na muuguzi akaandika kwa mkono wake kwamba vitamini ile isiguswe tena. Naliaka amerudia chakula. Jicho liko vilevile.

Na bado, baada ya yote hayo, mtu mzima mwenye kiti cha mbele kanisani anatembea nyumba kwa nyumba akisema kwamba kosa lilikuwa la kipimo tu, kwamba kijiko kiwe kidogo, kwamba mtoto asikatwe. Nimejaribu kulitafuta neno la adabu la kumwelezea mtu huyo nikalikosa. Alimshika kidevu mtoto wa miaka miwili na nusu akamtazamisha jua, akaliita jambo hilo tiba, na tangu siku ile hajaenda hata mara moja kumwangalia akilala.

Wengine mna hoja ya pili, nayo nimeisikia: kwamba msichana mwenye jicho moja hataolewa. Mtoto bado hajajifunza kufunga kifungo, nanyi mmekwisha kumtafutia mume na mume amekwisha kumkataa. Ni akili ya namna gani inayohesabu harusi ya maiti?

Niliuliza chupa ilitoka duka gani. Nekesa alinisomea karatasi iliyobandikwa, na nikaona aibu kabla hajamaliza, kwa kuwa duka hilo liko hapa Kariobangi, hatua chache kutoka langoni petu. Baba mdogo aliponitembelea Februari nilimpitisha pale, nikajisifia kazi yangu mbele ya mwenye duka. Nilienda Jumamosi. Mwenye duka huvaa koti jeupe lenye kalamu tatu mfukoni, ingawa hajasomea udaktari wala ufamasia. Alikuwa akiuza vipuri vya baiskeli. Aliponiona alifungua mikono.

"Niaje, dokta! Umepotea. Ile kitu yako inasonga vizuri sana."

"Kitu gani changu?"

"Vitamini ya macho! Si ni wewe ulitufunza hapa? Mama wakija na mtoto mwenye jicho mbaya, nawaambia, kuna msomi anaishi hapo juu, amejaribu hii kitu kwa maabara, kansa imekwisha. Hata nakutaja jina."

Nilimwambia kuna mtoto karibu afe kwa chupa yake. Hakushtuka. Aliniuliza kama mtoto alipewa pamoja na chakula au kabla ya chakula.

Nilisema mengi, Baba, na mengine si ya kuandikwa. Alinisikiliza akipanga chupa. Nilipotulia alisema, kwa sauti ya chini, ili wateja wasisikie, "Sasa dokta, wewe unanikasirikia nini? Mimi niliuza tu. Mwenye kusema ni wewe." Nimepeleka jina la duka na chupa moja kwa wakaguzi wa dawa, na nitarudi kwao mpaka waende. Ila neno lake nilipanda nalo ngazi hadi ghorofa ya nne, na sijaweza kulishusha.

Kwa hiyo sasa, mbele ya kikao, naomba usome sehemu hii polepole.

Siku ya Krismasi mchungaji aliponiita mbele, nilikuwa nimevaa suti ya kijivu. Nilikuwa na maneno mawili ya kuchagua. Ningeweza kusema: ninapima uzito wa panya, na wengi hufa. Nilisema: "Ndugu zangu, dawa ya saratani ya jicho la mtoto iko mikononi mwetu, na asili yake ni jua hili hili tulilopewa na Mungu." Akina mama wakapiga vigelegele. Wewe ulitoa kitambaa ukafuta miwani. Nikaona jinsi Baba mdogo Harun alivyonitazama kwa heshima kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikaongeza: "Ni suala la muda mfupi tu." Wakati ule hakuna aliyejua kwamba Naliaka ni mgonjwa. Muuguzi wa kliniki alikuja kuliona jicho baada ya Pasaka. Lakini alipoliona, mlikuwa mmekwisha kuahidiwa dawa, na mlipoambiwa jicho litolewe mlikuwa na haki ya kuuliza: mbona mtoto wetu alisema vingine?

Mtoto wenu alisema uongo. Nilijua kuhusu kizimba cha sita nikiwa nimesimama pale mbele ya madhabahu. Baba mdogo Harun ni mpumbavu, nalirudia neno hilo wala usilikoholee, lakini upumbavu wake ulikuwa na mwalimu, na mwalimu huyo alikuwa mimi.

Nimekwenda wodi ya macho ya watoto mara tatu. Daktari mwanamke, mwenye haraka na asiye na maneno ya kupamba, alinisikiliza nikieleza juu ya viambata vyetu kwa lugha yangu yote ya kitaalamu. Kisha akaniuliza, "Panya wako walipona?"

Nikajibu kwamba uvimbe ulipungua.

"Nimeuliza kama walipona."

Nikasema hapana.

"Basi mlete mtoto." Alieleza kwamba kwa picha na vipimo alivyotumiwa na hospitali ya huko, jicho la kulia ni safi, na saratani inaonekana bado imejifungia ndani ya jicho la kushoto. Ikiwa bado imo humo, jicho likitolewa mtoto anabaki mzima na atawekewa jicho la bandia ambalo wenzake shuleni hawatalitambua mpaka awaambie. Ikifuata mshipa unaotoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo, hatakuwa na cha kutoa. Nilimwuliza imebaki muda gani. Akasema hawezi kuniambia, na kwamba familia zinazouliza swali hilo huwa tayari zimekwisha kuchelewa kidogo. Kitanda kimewekwa kwa jina la Naliaka siku ya Jumanne.

Baba, wewe hukusema neno katika haya yote. Kwa heshima zote, hilo limeniuma kuliko kelele za ndugu yako. Ulifundisha nusu ya kata ile kusoma. Karatasi ya muuguzi ilikuwa mezani pako, umeisoma, umeielewa, na ukaacha jambo liende kikaoni kama suala la mpaka wa shamba. Najua kwa nini. Ulimwamini mtoto wako aliyesoma kuliko karatasi. Sasa mtoto huyo huyo anakuambia uamini karatasi.

Nekesa atapanda basi Jumatatu asubuhi na Naliaka. Nitawapokea mwenyewe, na nimeomba ruhusa kazini. Mama Achieng' atawapima panya kwa niaba yangu, tena atawapima vizuri zaidi. Ningependa Nekesa aondoke na baraka zako. Akizuiwa langoni, nitakuja kumchukua mtoto mimi mwenyewe, na sitapitia kanisani.

Ndani ya bahasha kuna picha. Ndiyo ile ya Krismasi tuliyopigwa kwa simu ya Jescah mbele ya kanisa jioni, taa ya simu ikiwaka. Niliichapisha hapa mjini nikaitundika juu ya kitanda changu, na imekaa hapo tangu Januari. Wewe uko katikati. Mimi niko kulia kwako, suti imenikaa vizuri, na Naliaka nimempakata mkononi. Naomba picha hiyo ipitishwe mkono kwa mkono kikaoni, ianze kwa Baba mdogo. Kila mmoja atazame macho ya watu wote waliomo, mboni zao zikiwa nyeusi au nyekundu kwa ule mwanga, kisha atazame jicho la kushoto la mtoto. Linang'aa jeupe, kama la paka aliyemulikwa tochi. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa huo. Nilikuwa nimeifanyia mtihani nikaupita kwa alama za juu. Na nililala chini ya picha hiyo miezi yote hiyo, nikiitazama kila asubuhi nikifunga tai, na kitu pekee nilichokuwa nikikiona ni suti.

Nisalimie Mama, na umwambie amfungie Nekesa chakula cha njiani. Nisalimie shangazi Rispa, ambaye nasikia ndiye peke yake aliyesema mtoto apelekwe tangu siku ya kwanza, na ambaye hakuna aliyemsikiliza kwa kuwa hakusoma. Nisalimie mchungaji, mwambie nikirudi nitaomba dakika mbili za kusema mbele ya kanisa lile lile, na nitavaa nguo za kazi. Baba mdogo Harun amekwisha kusalimiwa humu ndani mara kadhaa.

Naliaka mwambieni mjomba wake anamngoja, na kwamba hapa kwangu hakuna atakayemshika kidevu.

Ni mimi mwanao,
Simiyu,
mpima panya